Alamu ya gesi kwenye RV inalia saa tisa usiku kila siku na mitungi nimefunga, shida nini wakuu?

#1 Kiboko wa Mchanga
Wakuu habari za humu. Niko Odessa, Texas, nabeba mchanga wa visima vya mafuta (wa malori mnanielewa). Kodi ya apatimenti huku ni wizi wa mchana kweupe kwa hiyo nikanunua RV (nyumba ya magurudumu) ya kukokota, ya mwaka 2014, futi 28, kwa mzee mmoja aliyekuwa anahama. Tunaishi humo mimi na wife tangu Oktoba, mambo yalikuwa poa mpaka baridi ilipoingia. Sasa kuna kidude cheupe chini kabisa karibu na sakafu, pembeni ya kabati la jikoni, ikifika saa tisa saa tisa na nusu usiku kinalia balaa, tunaamka mioyo inadunda, nanusa sisikii harufu yoyote, nafungua mlango kinanyamaza, nafunga tunalala kidogo kinaanza tena. Juzi nilitoka na tochi nikafunga mitungi yote miwili, bado kikalia. Jana nimekata waya, tumelala kama watoto. Swali: ni kidude kibovu au kuna kitu kweli? Na huyo fundi aliyekiweka sakafuni alikuwa anawaza nini wakati cha moshi kiko juu darini?

#2 Kijogoo
Saa tisa usiku? Hiyo siyo gesi mkuu, hiyo ni simu kutoka kijijini wanakukumbusha hujatuma hela. Nimekaa siti ya mbele nasubiri wajuzi.

#3 Mzee Mileji
Kiboko kabla ya yote rudisha huo waya. Leo, sio kesho. Na usiniambie umelala kama mtoto, hata aliyevuta hewa mbaya analala kama mtoto, tofauti yake haamki.

Fundi alijua anachofanya. Propani ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, ikivuja haipandi juu, inatambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika. Moshi wa moto ndio unapanda na joto lake, ndo maana cha moshi kiko darini. Chomoa hicho kidude ukigeuze usome tarehe mgongoni. Vina umri hivyo, vya zamani vingi miaka 5, vya siku hizi 7, vichache vinafika 10, hata kama taa ya kijani bado inawaka.

#4 Kiboko wa Mchanga
Nimegeuza. Mei 2014. Yule mzee aliniambia kila kitu humu ni orijino, kumbe orijino yenyewe ndo hii.

#5 Kijogoo
Orijino mpaka vumbi 😂

#6 FundiWaya
Mzee Mileji yuko sahihi kuhusu umri lakini umri hauelezi saa tisa. Kidude kilichozeeka hakiangalii saa, na vingi vikizeeka vinalia kidogo kidogo, pii moja, kimya nusu dakika, pii nyingine, mchana na usiku. Hii ya Kiboko ni betri, nakwambia.

Sikia. Hita ya RV inaunguza gesi lakini feni yake ni ya umeme wa volti 12, inakula amp 7 mpaka 10 hivi kila ikipuliza. Sasa nyie mmechomeka umeme wa kampu mnadhani mko salama, kumbe kuna boksi linaitwa konvata ndo linageuza volti 120 kuwa 12 na kuchaji betri, likifa hujui, taa zinawaka, hita inapuliza, vyote vinanyonya betri kimyakimya. Unalala saa nne betri iko sawa, baridi inazidi, feni haipumziki, ikifika saa tisa betri iko hoi, na ditekta (hicho kidude chako) ikikosa volti za kutosha inaanza kupiga kelele ovyo. Tafuta testa ya bei chee, usiku kikilia pima kwenye betri. Ukiona 13.2 kwenda juu konvata inachaji. Ukiona 11 na kitu, umempata mchawi wako.

#7 Shangazi Tanga
Fundi samahani, kama konvata imekufa hiyo betri inajaa saa ngapi ili usiku ikaishe tena? Au inajazwa na malaika?

#8 FundiWaya
Shangazi umenibana 😅 Kiboko kuna sola juu?

#9 Kiboko wa Mchanga
Kuna paneli moja, sijawahi kupanda kuiangalia. Mzee alisema "bonasi".

#10 FundiWaya
Shangazi jibu hilo hapo.

#11 Mnusaji
Mnasahau jamaa yuko wapi. Odessa ni katikati ya bonde la mafuta la Permian, mafuta ya huku mengi yana H2S, gesi ya sumu inayonuka mayai viza, sisi tunaoingia visimani tunavaa kimashine kifuani kinacholia ikifika 10 ppm (sehemu 10 kwenye milioni ya hewa). Nayo ni nzito kuliko hewa, usiku upepo ukitulia inakaa mabondeni. Hizo kampu za RV zimezungukwa na visima, mtu akifungua mlango asubuhi anadhani choo cha jirani kimefurika kumbe ni yenyewe. Mimi ningeanzia huko kabla ya betri.

#12 FundiWaya
Mnusaji, hiyo ditekta ni ya propani na kaboni monoksaidi (sumu ya vitu vinavyoungua), sio ya H2S. Na H2S ya kuamsha ditekta ya propani ingekuwa imeshawakimbiza kampu nzima.

#13 Mnusaji
Sijasema ni ya H2S, nimesema sensa ya gesi haichagui sana. Inashtuka kwa pafyumu, spiriti, dawa ya kupuliza nywele, kila kinachofanana na mvuke unaoungua. Alafu usitegemee pua, H2S ikizidi kama 100 ppm pua inakufa ganzi, unadhani imeondoka kumbe imeongezeka.

#14 Mbuyu254
Niaje wasee. Hiyo story ya mayai viza ilinisumbua wiki mbili nikiwa Arizona na kempa yangu ndogo. Alamu ya gesi inalia, bibi anasema ni choo, mimi nasema ni gesi, tukaosha tangi la choo mara tatu, tukamwaga dawa, wapi. Siku moja naketi kitandani nasikia joto matakoni. Kufungua chini, betri imevimba na iko moto kama chapati! Chaja ilikuwa inaipika bila kuacha. Betri ya maji na asidi ikichajiwa kupita kiasi inatoa haidrojeni na pia hiyo hiyo H2S, inanuka mayai, na ditekta inasoma hiyo kitu kama propani. Kwa hivyo Fundi na Mnusaji mnaeza kuwa sawa wote wawili, ni H2S lakini inatoka chini ya kitanda sio kisimani 😂

Kiboko, betri yako iko nje kwa ulimi wa trela ama iko ndani?

#15 Kiboko wa Mchanga
Kwenye kiboksi cha mbele, nje, lakini kuna tundu la waya linaingia chini ya kitanda kubwa tu, panya anapita.

#16 Mzee Mileji
Tundu la panya ni tundu la gesi pia. Lizibe.

Na hilo la "sisikii harufu" lisikupe moyo. Propani yenyewe haina harufu, ile ya kabichi iliyooza wanaiweka makusudi, ethyl mercaptan, na inaweza kupungua ndani ya mtungi hasa mpya au uliokaa na kutu. Kaboni monoksaidi ndo kabisa, haina harufu haina rangi. Sasa nisaidie kitu kimoja, kinalia VIPI? Moshi ni milio mitatu, kimya, mitatu. Kaboni monoksaidi ni minne ya haraka, kimya kama sekunde 5, minne tena. Propani inatofautiana na kampuni, nyingi ni mfululizo. Kwenye uso wa kidude kuna kibandiko kinaeleza.

#17 Kiboko wa Mchanga
Kibandiko kimefutika. Mimi nasikia mfululizo. Wife anasema ni minne minne. Tumebishana mpaka chai imepoa.

#18 Nesi Usiku
Hapo mmenishtua. Nipo Minnesota, wodi ya dharura, zamu za usiku. Kiboko usimbishie mkeo, mwambie akujibu haya: anaamka na kichwa kinauma? Kichefuchefu? Kizunguzungu? Na mkitoka nje au akienda kazini kinapoa?

Wanaokuja kwetu majira ya baridi wakisema "nina flu" wengine sio flu. Kaboni monoksaidi inashika hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, mtu anapumua vizuri kabisa ila damu haibebi kitu. Msipime na kile kiklipu cha kidoleni mkasema asilimia 98 basi niko fiti, kile hakitofautishi, kinakupa namba nzuri huku unakufa. Cha kuaminika ni kipimo cha damu.

#19 Kiboko wa Mchanga
Nesi... ana kichwa wiki ya pili. Tumekuwa tukisema ni hewa kavu ya huku. Kazini kwake anasema kinapoa, amekuwa anasema ni kwa sababu hanioni 😐

#20 Kijogoo
Nilitaka kucheka nikaghairi.

#21 Nesi Usiku
Leo msilale humo. Aende akapimwe, na nyie wawili mkalale kwa mtu au motel mpaka ijulikane. Siandiki tena mpaka useme mmetoka.

#22 Kiboko wa Mchanga
Tumetoka. Tuko kwa rafiki yangu Midland, amepimwa jioni hii. Wamesema ipo juu kidogo ila sio ya kutisha, lakini ilikuwa masaa mengi tangu atoke ndani kwa hiyo hawawezi kusema usiku ilikuwa ngapi.

#23 Nesi Usiku
Sawa sawa. Kwa hewa ya kawaida nusu yake inatoka kwa masaa kama manne matano. Ukihesabu nyuma utaona kwa nini nilisema mtoke.

#24 FundiWaya
Mimi naheshimu nesi lakini bado volti hazijapimwa.

#25 Shangazi Tanga
Fundi na volti zako. Kiboko, mkeo ni mtu wa wapi?

#26 Kiboko wa Mchanga
Tanga mjini shangazi, Chumbageni.

#27 Shangazi Tanga
Nilijua. Udi anafukiza saa ngapi?

#28 Kiboko wa Mchanga
Kila siku baada ya isha. Saa tatu saa nne hivi. Kwa nini?

#29 Shangazi Tanga
Kwa umeme au kwa makaa?

#30 Kiboko wa Mchanga
Yale makaa ya duara unawasha na kiberiti yanachechemka. Na chetezo chake kakileta kutoka nyumbani kwenye begi, nguo kaacha.

#31 Shangazi Tanga
Haya wajuzi endeleeni na konvata zenu. Mtu anawasha makaa ndani ya kopo la futi 28, madirisha yamefungwa, mnatafuta visima vya mafuta 🤣

#32 Mlushi wa Iowa
Bandugu jambo. Mie ni mtu wa Lubumbashi, niko Des Moines. Hiyo ya makala tunaijua kabisa. Kwetu mwezi wa sita na wa saba baridi ni mingi, watu wanaingiza mbabula (jiko ya makala) mu nyumba, wanafunga mlango, asubuhi ni shida. Tulishatoa majirani inje, baba na mama na mtoto, wamelegea kama nguo, tukawaweka kwenye hewa wakaamka. Hakukuwa alamu, ni mbuzi tu ilikuwa inalia mu kiwanja ndio tukaenda kuangalia. Kipande kidogo kinaonekana ni kidogo lakini mu chumba kidogo hakuna kidogo.

#33 Mbuyu254
Lakini udi ni saa nne, alamu ni saa tisa. Hiyo makaa inazima after lisaa limoja. Hesabu haiingii.

#34 Nesi Usiku
Inaingia nusu. Alamu za CO (kaboni monoksaidi) hazilii papo hapo, zinapima kiasi kwa muda. Kwenye 70 ppm zinaruhusiwa kungoja kati ya saa 1 na masaa 4. Kwenye 400 ni dakika 4 mpaka 15. Kwa hiyo kiwango cha chini kinaweza kukaa na nyie muda mrefu kabla hakijalia. Ila ni kweli makaa yakizima na hewa ikiingia inapungua, lazima kuna kitu kingine kinaongeza, au hewa haiingii kabisa. Kiboko mmeziba matundu?

#35 Kiboko wa Mchanga
Baridi ilipoanza niliziba yale matundu ya juu na mito ya sponji, na madirisha nikapiga tepu ya plastiki. Niliona video.

#36 Mzee Mileji
Video 🤦🏾‍♂️

#37 Mnusaji
Na jirani? Kampu za huku zamu zinabadilika usiku, watu wanawasha pikapu saa nane na nusu zipate joto. Ekzosi inaelekea wapi?

#38 Kiboko wa Mchanga
Sasa umesema. Jirani wa kulia anawasha kila siku saa nane na nusu, mkia wa gari uko mita tatu na dirisha letu la chumbani. Ni dizeli lakini.

#39 FundiWaya
Dizeli inatoa CO kidogo kuliko petroli, sana tu. Ingekuwa jenereta ya petroli ningekubali mara moja.

#40 Mnusaji
Kidogo sio sifuri mkuu. Na dizeli ikiwa baridi inanguruma silensa haijashika joto ni nyingine hiyo.

#41 Simba Kempa
Wakuu poleni na majukumu. Huku Arusha tunakodisha Land Cruiser zenye hema juu ya paa na jiko la gesi nyuma, wateja wanaendesha wenyewe. Nimesoma uzi wote nimepata jasho. Pale Simba campsite ukingoni mwa Ngorongoro ni zaidi ya mita 2,300, usiku ni friji, nimewahi kumkuta mteja amepandisha jiko dogo la mkaa ndani ya hema la juu ya gari kwa sababu "makaa yameshakuwa mekundu hayana moshi". Nilimshusha kwa ukali, akaniandikia rivyuu mbaya. Hizi ditekta za betri tupu bila waya zinafaa kwenye hema? Na kwa sisi gesi yetu ni mchanganyiko wa propani na butani, zinasoma?

#42 Mzee Mileji
Mteja wako alikuwa hai kuandika rivyuu, shukuru. Makaa mekundu bila moshi ndo hatari yenyewe, moshi angalau ungemtoa mbio.

Ya CO ya betri inafaa hema, angalia tu iwe inavumilia mtikisiko na joto na baridi, za magari huwa zimeandikwa. Butani ni nzito hata kuliko propani, kwa hiyo chini ni chini vilevile, ditekta nyingi za gesi za kupikia zinasoma zote mbili.

#43 Kijogoo
Kwa hiyo na ya CO iwekwe chini kwa sababu nayo nzito?

#44 Nesi Usiku
Hapana, CO inakaribiana na hewa, nyepesi kidogo sana, inachanganyika kila mahali. Ndo maana wanaweza kuiweka pamoja na ya propani chini isiharibu kitu, au ukutani usawa wa kitanda. Propani ndo lazima chini.

#45 Kaka Bremen
Salamu kutoka Ujerumani. Huku karavani ni dini, watu wanapimisha mfumo wa gesi kila miaka 2 wanapewa na kibandiko. Lakini kuna kitu kinachekesha, kila duka la kempa linauza alamu ya tatu, ya "gesi ya usingizi". Watu wanaamini kuna wezi Ufaransa na Hispania wanapuliza gesi dirishani usiku, familia nzima inalala fofofo, wanaamka mifuko mitupu.

#46 Shangazi Tanga
Si ndio wanavyopuliza dawa huku kwetu! Mtaani kwetu waliingia wakabeba mpaka sufuria lina wali ndani, hakuna aliyeamka.

#47 Kaka Bremen
Shangazi chuo cha madaktari wa nusukaputi cha Uingereza kilishatoa tamko kwamba kumlaza mtu kwa kupuliza etha au klorofomu dirishani bila yeye kujua haiwezekani. Ingehitaji mzigo mkubwa, inanuka vibaya na ingekuamsha ukikohoa.

#48 Shangazi Tanga
Hao madaktari hawajawahi kulala Tanga. Na wali ulikuwa wa nazi.

#49 Nesi Usiku
Shangazi uchovu nao ni dawa, na pombe ya mwenye nyumba. Ila nawaza, wangapi waliosema "walipulizwa dawa" walikuwa na jiko la mkaa ukumbini siku hiyo 🤔

#50 FundiWaya
Turudi kwenye mada. Kiboko umepima?

#51 Kiboko wa Mchanga
Nimepima. Nilirudi peke yangu usiku wa jana nimefungua mlango na madirisha yote, nimevaa koti, nikachomeka kidude, nikakaa kwenye kiti nje nikiangalia kwa mlangoni kama mlinzi wa benki. Hakuna udi, hita iko on. Saa tisa kasoro: betri 11.4. Kidude kikalia saa tisa na dakika kumi. Jirani alikuwa ameshawasha pikapu. Na nikapaka maji ya sabuni kwenye viungio vya gesi kama nilivyoona kwenye nyuzi nyingine, mpira unaotoka mtungi wa kushoto kwenda regyuleta (kipunguza presha ya gesi) unatoa vipovu vidogo vidogo.

#52 FundiWaya
11.4!!! Nilisema au sikusema.

#53 Mzee Mileji
Na mpira unavuja je? Badilisha hizo zote mbili, wala sio hela nyingi.

#54 FundiWaya
Mpira uko nje mzee, gesi inamwagika chini inaenda zake na upepo.

#55 Mzee Mileji
Inaenda zake au inaingia tundu la panya la #15? Limezibwa?

#56 Kiboko wa Mchanga
Bado...

#57 Mnusaji
Na madirisha yote wazi ilikuwa inaingia ekzosi. Huwezi kuondoa hilo.

#58 Mbuyu254
Hii sasa ni kama kesi ya kortini, kila mshukiwa alikuwa kwa scene 😂 Kiboko, hiyo betri ukiigusa iko moto? Betri ikiwa na seli moja imekufa inaeza kusoma chini NA bado konvata inaipika ikitoa gesi.

#59 Kiboko wa Mchanga
Vuguvugu.

#60 Mbuyu254
Unaona.

#61 Kijogoo
Mimi nina swali la kijinga. Si uweke kiberiti cha gesi pale bila kuwasha, upulize, uone kama kinashika? Kile kitufe cha test kinafanya nini?

#62 FundiWaya
Kitufe kinapima king'ora na saketi, hakipimi pua. Kinaweza kulia vizuri wakati sensa ni maiti. Kiberiti watu wanatumia, lakini unakimwagia gesi kali kwa mpigo, na ikishika haimaanishi itashika kiwango kidogo. Ditekta nzuri inatakiwa kulia kabla gesi haijafika robo ya kiwango kinachoweza kulipuka, ambacho ni kama asilimia 2 hivi ya hewa. Alafu kidude cha 2014 unapima nini, nunua kipya. Na usipulizie silikoni ya kung'arisha plastiki karibu nacho, inaua sensa.

#63 Mzee Mileji
Ukishafika dukani chukua na cha moshi, nacho mwisho miaka 10. Viko vya aina mbili, chenye punje ya americium (madini ya mionzi) ndani kinashika haraka moto wa kuwaka ila kila ukikaanga kitu kinalia, na cha mwanga ambacho ni kizuri kwa moto wa kufukafuka kama godoro au waya. Kwenye RV jiko liko hatua mbili na kitanda, watu wanachoka na kelele wanatoa betri. Chukua cha mwanga, uangalie kimeandikwa kinafaa RV.

Na mjaribu lile dirisha la dharura lenye vishikizo vyekundu chumbani. Sio kuliangalia, kulifungua na kutokea hapo. Mimi la kwangu lilikuwa limeganda raba, miaka minne nilikuwa nalala karibu na ukuta nikidhani ni mlango.

#64 Kiboko wa Mchanga
Swali nje ya mada mzee, mwezi wa tatu nataka kuikokota mpaka Maryland kwa shemeji. Nifunge gesi njiani au niache friji iendelee?

#65 Mzee Mileji
Mimi nafunga. Wapo wanaoacha, watabishana na wewe mpaka kesho, friji ikifungwa vizuri inakaa baridi masaa kadhaa. Ila Baltimore ukiwa na hiyo mitungi ya pauni 30 huruhusiwi kwenye mahandaki ya barabara ya chini ya maji hata ukifunga, mwisho ni pauni 10 kwa mtungi. Zamani tulikuwa tunazungukia daraja la Francis Scott Key, lilianguka 26 Machi 2024 lilipogongwa na meli, sasa ni kuzunguka upande wa magharibi na barabara ya 695. Weka na masaa ya foleni.

#66 Kiboko wa Mchanga
Shukrani. Mrejesho wa wikiendi: Jumamosi nimebadilisha kidude (kipya, cha CO na gesi, tarehe nimeipiga picha), betri mpya, konvata mpya, mpira mpya wa gesi nikapaka sabuni hakuna povu. Tundu la panya nimeziba. Sponji na tepu nimetoa. Nimeongea na jirani, mtu mzuri kumbe, amegeuza gari. Udi umehamia nje. Hita fundi ameifungua akasema bomba lake la moshi lina kiota cha nyigu nusu, amesafisha. Siku ya tisa leo, kimya, na kichwa cha wife kimeisha.

#67 FundiWaya
Betri 💪🏾

#68 Shangazi Tanga
Udi.

#69 Mnusaji
Gari limegeuzwa, ndo likaisha.

#70 Nesi Usiku
KIOTA CHA NYIGU kwenye bomba la hita na unakiandika mwishoni kama vile umenunua chumvi???

#71 Mbuyu254
Boss umebadilisha kila kitu siku moja, sasa tutajuaje nani alishinda? Rudisha kimoja kimoja 😂

#72 Nesi Usiku
ASIRUDISHE KITU.

#73 Kiboko wa Mchanga
Sirudishi. Tatizo jipya ni wife, sasa hivi saa tisa anaamka mwenyewe kusikiliza kama kidude kimekufa. Ananiamsha na mimi nibonyeze test.

#74 Kijogoo
Test haipimi pua, soma #62.

#75 Kiboko wa Mchanga
Nimemwambia. Sasa anauliza, kile chetezo cha umeme cha udi kinaruhusiwa ndani, si hakina makaa?

#76 FundiWaya
Kwa upande wa CO ni afadhali mbali sana. Angalia wati tu na usiache kwenye zulia.

#77 Kiboko wa Mchanga
Amewasha. Kimelia.

#78 Nesi Usiku
Kipi???

#79 Kiboko wa Mchanga
Cha juu.